Sinia la Bibi na Kisomo Kisichosomwa

Ipo Alkhamisi moja, mwanangu, ambayo mpaka leo nikinusa ubani hunirudia nzima nzima. Baada ya swala ya alasiri nilikuwa nimechuchumaa jikoni, nyumbani kwetu Sokomuhogo, mjini Unguja, napuliza makaa ya chetezo, na moyoni namwomba Mungu makaa yale yasishike. Ghorofani wanaume walikwisha kaa juu ya jamvi. Katikati yao alikuwapo Maalim Othman, mwalimu wa chuo chetu cha Kurani, na baba yangu alikuwa akipokea wageni kwa kanzu yake nyeupe ya Ijumaa. Walikuja kumsomea Halbadiri mwizi aliyekuwa akituibia. Mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na minane, na mwizi huyo nilimjua. Alikuwa mdogo wangu, Nassor.

Kama hukulelewa kwetu, ngoja nikueleze. Mtu akiibiwa asimjue mwizi, huita wasomaji wakasoma Halbadiri, yaani wakamshitaki mwizi huyo kwa Mungu kwa kuwataja wale waliopigana vita vya Badr pamoja na Mtume. Watu waliamini kwamba kisomo kikishatimia, aliyechukua atavimba tumbo, au atapofuka, au atarukwa na akili. Wapo masheikh wanaosema jambo hilo halina asili katika dini. Mimi si mwanachuoni, na kwa umri huu sitaki kugombana na mtu, kwa hiyo siingii humo. Ninachojua ni kwamba mji mzima uliiogopa Halbadiri, na ndiyo maana desturi ilikuwa kuitangaza kwanza, ili mwenye kitu apate muda wa kukirudisha. Mama alivaa buibui lake akapita nyumba hadi nyumba akitangaza.

Kilichoibiwa kilikuwa sinia la bibi yangu. Bibi, Bi Mize, alikuwa mama yake Baba, mtu wa Makunduchi, na alipohamia kwetu mjini alikuja na nguo zake chache na sinia hilo la shaba alilopewa alipoolewa. Lilikuwa pana, lina maua ukingoni, na sisi sote tulilizunguka kila siku jioni: Baba, Mama, Bibi, mimi na Nassor. Nyinyi wa leo kila mtu ana sahani yake mkono mmoja na simu yake mkono wa pili, na mkimaliza hamjui hata mlikula nini. Sisi tulikula sinia moja, kila mmoja na upande wake, na ole wako uvuke mpaka ukachukue samaki wa mwenzako. Bibi ndiye aliyegawa samaki, na haki yake ilikuwa haki, ila Nassor alipata mkia na kichwa kwa sababu alikuwa kipenzi chake. Hakuna aliyelalamika, maana Nassor alikuwa kipenzi cha wote.

Alikuwa na sauti. Alihitimu Kurani akiwa mdogo kabisa, na kwenye Maulidi ya mtaa akisimama kusoma, watu wazima walikuwa wakifuta machozi. Baba alikuwa haishi kumtaja. Akikutana na mtu dukani, salamu hazijesha, mazungumzo yameshafika kwa Nassor. Nakwambia haya, mwanangu, ili usije ukadhani waliokuwa wakiharibika ni watoto wa nyumba zisizo na dini. Nyumba yetu ilikuwa na dini mpaka kwenye ngazi.

Miaka ile unga wa kulevya ndio kwanza ulikuwa unaingia mjini, na sisi hatukuujua hata kwa harufu. Nassor alikuwa na miaka kumi na sita. Alianza kwa kuchelewa kurudi. Kisha akawa anasinzia mchana, anajikuna pua, amevaa mikono mirefu jua linawaka. Akaacha kula nasi. Alikuwa akirudi watu wameshanawa, na Mama, kwa huruma zake, alimwekea chakula jikoni, akakifunika kawa. Nassor alikula peke yake, akipenda, au hakula. Mama alidhani anamlea. Baba alipomuuliza mbona hamwoni msikitini, alijibu kwamba anasali msikiti mwingine na wenzake, na Baba akaridhika. Alifurahi hata, akaona kijana anajitegemea.

Hapo vitu vikaanza kupotea. Ilikwenda pasi, ikaenda redio ya Baba, zikaenda doti za khanga za Mama ambazo hazijawahi kuvaliwa. Tukamshuku mchukuzi wa maji. Tukawashuku watoto wa jirani, tukamshuku fundi aliyekuja kuziba dari. Tulimtaja kila mtu aliyewahi kupanda ngazi zetu, isipokuwa aliyekuwa akizipanda kila siku. Lilipokwenda sinia, Baba alisema imetosha. Akaenda kwa Maalim Othman, wakapanga Alkhamisi, na Mama akavaa buibui kutangaza.

Siku ile ile ya kutangaza, Nassor alimwambia Mama anakwenda Bwejuu kwa mjomba kupumzika. Akaondoka bila mfuko. Hakuna aliyeuliza mtu anakwendaje shamba kulala bila hata nguo ya kubadili.

Siku mbili kabla ya kisomo Mama alinituma soko la Malindi kununua samaki. Nyuma ya soko palikuwa na gofu, nyumba iliyobomoka paa, na nilipopita nikasikia mtu ananiita jina langu kwa sauti ndogo. Nilimkuta Nassor ameketi kwenye pembe, amejikunja, anatetemeka na huku jasho linamtiririka. Kwa mara ya kwanza nilielewa yote pamoja, pasi na redio na khanga na sinia. Nikachuchumaa mbele yake.

Hakuniomba chakula wala maji. Aliniuliza, "Da Zuhura, ishasomwa?"

Nikamwambia bado, ni Alkhamisi. Akasema, "Mie nshalaanika tayari. Usimwambie mtu. Sina tena pa kurudi."

Nikamuuliza kwa nini asirudi sasa hivi, akaomba radhi. Alinitazama kwa mshangao, akaniambia jambo ambalo nimeliweka moyoni mpaka leo. Alisema hakuacha kusali kwa sababu hamuamini Mungu. Aliacha kwa sababu anamuamini mno. Akisimama kwenye safu, alisema, anaona kila mtu anasikia harufu yake, na anaona hata dua anayosoma inamrudia kinywani. Sasa akija kusomewa Halbadiri na mwalimu wake mwenyewe, mbele ya baba yake mwenyewe, alikuwa na hakika kabisa kwamba atakufa. Mwanangu, yule mtoto hakuwa na haja ya kutiwa hofu ya Mungu. Alikuwa nayo tele. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba mlango haujafungwa.

Nilirudi nyumbani, na samaki nimesahau kununua. Sikuthubutu kumwambia Baba, maana hasira zake nilizijua, na Mama angelia mtaa wote ukasikia. Nikaenda kwa Bibi, akiwa amekaa kitandani anatengeneza tambuu yake, nikamwambia yote. Hakushtuka. Alikunja jani, akatia mdomoni, akatafuna kwanza.

"Nilijua," akasema.

Nikamuuliza alijuaje, naye haoni vizuri na hatoki nje. Akasema alijua kwa mkono wa Nassor. Amekula na mkono ule tangu ulipokuwa haujui kukamata wali. Siku za mwisho Nassor alizokula nasi, mikono yao ikigusana siniani, Bibi alihisi ncha za vidole vyake zimeungua, na mkono unatafuta samaki aliyewekwa mbele yake, haumpati. "Nikasema, baba yake ataona. Nikangoja. Nimengoja sana, mjukuu wangu, na kungoja huko ni kosa langu mie."

Kisha akaniambia nikalete samaki, na Alkhamisi nifanye kila nitakachoambiwa. Basi nikakaa na siri ile tumboni, sijui Bibi anawaza nini, na siku ikafika, na makaa, kwa bahati mbaya, yakashika vizuri.

Nilipanda na chetezo. Moshi ukaenea, Maalim Othman akafungua kitabu chake, kisha akauliza kama ilivyo adabu ya jambo lile, "Mwenye mali ni nani?"

Baba akasema ni mama yake. Maalim akasema inabidi mwenye mali aseme kwa ulimi wake kwamba anamshitaki aliyechukua. Bibi alikuwa amekaa chumba cha pili, mlango uko wazi. Akanyanyuka kwa fimbo yake, akaja mpaka mlangoni, akajitanda mtandio vizuri. Waliokuwapo wakamwamkia wote, naye akaitika marahaba, marahaba, bila haraka yoyote. Kisha akamgeukia Baba.

"Khamis, lile sinia ni langu?"

"Naam, Mama. Lako."

"Si la nyumba? Si lako weye?"

"Lako, Mama."

"Basi mie nshasamehe."

Baba alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayedhani mzee wake amechanganyikiwa.

"Umemsamehe nani, Mama?"

"Aliyechukua."

"Aliyechukua humjui."

"Namjua," Bibi akasema. "Na weye unamjua."

Nilimwona Baba uso unambadilika. Nadhani wakati ule ndipo vitu vyote alivyokuwa hataki kuviona vilipokuja mbele yake kwa pamoja, kama nilivyoviona mimi kule gofuni. Lakini aibu ina nguvu, mwanangu, hasa kwa mtu anayekaa safu ya mbele msikitini. Akasema kwa sauti ya chini, "Mama, nshawaita watu. Mji mzima unajua."

"Mji mzima unajua limepotea sinia," Bibi akamjibu. "Sinia umelitangaza nyumba hadi nyumba. Mtoto amepotea, umemtangazia nani?"

Hakupandisha sauti. Kwa kawaida Bibi akikasirika alikuwa akitusema kwa Kimakunduchi, nasi wa mjini tukaambulia nusu. Siku ile alisema kwa Kiswahili cha mjini, polepole, ili kila aliyekuwapo afahamu. Nimesikia hotuba nyingi katika umri wangu na nyingi nimezisahau kabla sijavaa viatu. Maneno yale hayajanitoka.

Maalim Othman alifunga kitabu chake. Akasema mwenye mali akishasamehe, yeye hana cha kusoma, na akasimama. Nilidhani anaondoka. Kumbe alimshika Baba mkono. "Khamis, twende tukamtafute. Wengine wangoje hapa." Kisha akauliza nani anajua alipo, na Bibi akaninyooshea mimi fimbo.

Niliwaongoza mpaka Malindi. Nassor alikuwa pale pale kwenye pembe, hali mbaya kuliko juzi, midomo imekauka. Baba akasimama kwenye mlango usio na mlango, kanzu yake nyeupe inagusa vumbi. Mimi nilikuwa nimejiandaa kumsikia akipiga kelele.

"Nassor," akaita.

"Naam, Baba." Hata katika hali ile aliitika kama alivyolelewa.

"Bibi yako kasamehe. Haikusomwa, wala haisomwi. Twende ukale."

Nassor akaanza kulia. Akasema yeye ni mchafu, hawezi kupanda ghorofani kwenye watu waliokuja kusoma. Baba alichuchumaa, akamshika bega, akasema, "Na mie leo sikuwa msafi." Sikuwahi kumsikia Baba akisema neno kama hilo kabla.

Wakati wa kurudi nilitaka tupite vichochoroni, ili watu wasimwone. Baba akakataa. Alimtia mwanawe mkono mabegani, wakapita njia kubwa ya Darajani, jua bado liko juu, maduka yako wazi, kila anayemjua Baba anatazama. Nassor ananuka, anayumba, na Baba anaitikia salamu kama siku nyingine zote. Mtu mmoja akauliza mtoto ana nini. Baba akajibu, "Anaumwa. Namrudisha nyumbani."

Ghorofani Maalim alimkalisha Nassor ubavuni pake. Wale wale waliokuja kumshitaki mwizi walinyanyua mikono wakamwombea afya na msamaha, kwa jina lake na jina la mama yake. Ubani ulikuwa ule ule, na makaa yale yale niliyoyapuliza. Nassor aliinamisha kichwa, na kila jina lake lilipotajwa nilimwona mabega yakimtikisika. Mama alikuwa amekaa kwenye ngazi, amejifunika uso kwa khanga.

Halafu kukawa na chakula cha wageni, na Bibi akasema leo tunakula pamoja. Mama akasema sinia hatuna, atapakua kwenye sahani. Bibi akasema, "Leteni beseni." Lilikuwa beseni la plastiki, la buluu, tulilokuwa tukioshea mchele. Usicheke. Tulimimina wali humo, tukalizunguka, Baba na kanzu yake ya Ijumaa, na Bibi akagawa samaki. Kichwa na mkia akaviweka upande wa Nassor. Mtoto alikula tonge chache tu, tumbo halikupokea zaidi. Lakini mkono wake ulikuwa beseni moja na mikono yetu, nasi tuliuona, vidole na makovu yake.

Sitakudanganya kwamba aliamka kesho yake mzima. Alitapika, alipiga kelele, alitutukana. Bibi akamchukua akaenda naye Makunduchi kwa ndugu zake, akakaa naye yeye mwenyewe, akampa jembe na shamba la muhogo. Baba akawa anakwenda kila wiki kusali naye Ijumaa msikiti wa kijijini, bega kwa bega, na hakuwahi kutueleza anamwambia nini njiani. Baada ya muda Nassor akarudi mjini, akaanguka tena. Akaanguka na mara nyingine. Lakini mara hizo hakwenda kujificha gofuni. Alikuja mwenyewe, akapiga hodi mlango wa chini, akasema nimeharibu tena. Na kila alipopiga hodi, beseni lilikuwapo.

Leo ni babu wa watu. Ni fundi wa makuti, na mapaa mengi ya mahoteli ya Paje ameyaezeka yeye na wanawe. Sauti yake imekuwa nzito, lakini ukimsikia anavyosoma alfajiri utasimama barabarani.

Nimekusimulia haya kwa sababu juzi kina mama wa mtaa walikuja kwangu. Mitungi ya gesi inaibwa, simu zinaibwa, na wao wameamua isomwe Halbadiri, wakaja kuniomba chetezo, maana changu ni kikubwa. Niliwapa chai. Kisha nikawaomba kila mmoja aniambie mwanawe jana usiku alikula nini, na alikula na nani. Walitazamana. Chetezo changu hakijatoka kabatini.

Sasa sikiliza, mwanangu, wewe ndiye ninayesema nawe, si mama yako mzazi.

Usikubali kula peke yako kila siku ukaona huo ndio uhuru. Kaa watu wanapokaa, hata kama baba yako anachosha na bibi yako anarudia hadithi zile zile. Wanaokula nawe ndio watakaouona mkono wako kabla wewe mwenyewe hujaujua. Kama umeshaonja unga, au vidonge, au bangi, au hayo mengine mnayoyapa majina mapya kila mwaka, na unaona umechafuka mno kusimama mbele ya Mungu, basi hapo ndipo pa kusimama. Anayetaka ukae mbali na msikiti mpaka uwe safi hakutakii mema, hata kama sauti hiyo inatoka moyoni mwako. Usitumie dua kukwepa dawa, wala dawa kukwepa dua. Bibi yangu hakuwa na chochote ila jembe na subira. Nyinyi leo mna hospitali zenye matibabu na nyumba za vijana wanaosaidiana kuacha, basi nendeni, na mwambie mtu wa kwenu akupeleke. Na kama anayeharibika ni ndugu yako, usikae na siri yake. Mtafute mtu mmoja mzima nyumbani mwenye moyo mpana, umwambie leo hii hii.

Na siku utakapokuwa mzazi, dini mfundishe mwanao kwa kumtaja jina lake katika dua naye akisikia. Usimtishe kwa Mungu. Atakapokosea atamkimbia Mungu na wewe pamoja, na atakayempokea huko hatakuwa na nia njema naye.

Mungu akuhifadhi na kila kinachokula vijana kimyakimya. Akupe nyumba yenye mlango usiochoka kufunguliwa, akupe bibi wa kukuwekea kichwa na mkia, na ukipotea akupe baba atakayekupitisha njia kubwa.

Lile beseni bado ninalo. Limepasuka ukingo, nimelishona kwa waya. Na sinia la Bibi halijapatikana mpaka leo, wala sijawahi kumsikia mtu wa nyumba yetu akiliulizia.